MAMA GRACE OGOT: SISTA WA MENGO ALIYEWAANDIKA WAFANYAKAZI

Kati ya mwaka 1949 na 1953, miongoni mwa wasichana waliokuwa wakifundishwa kazi ya uuguzi katika hospitali ya Mengo, hapa Kampala, alikuwamo Mjaluo mmoja kutoka Asembo, upande wa Nyanza, jina lake Grace Akinyi. Wengi wetu tunamjua kwa jina la ndoa, Grace Ogot, mwandishi wa vitabu na mbunge wa Kenya. Alifariki dunia tarehe 18 Machi 2015, akiwa na umri wa miaka 84. Habari nyingi zinazoandikwa juu yake huanza na vitabu, zikafuata siasa, kisha uuguzi hupewa mstari mmoja, kana kwamba ni kazi ndogo aliyoifanya huku akingoja kazi kubwa.

Sisi wa kurasa hizi tutaanza upande ule mwingine. Kabla ya kushika kalamu mama huyu alishika kipima joto. Alifanya kazi za zamu kama unavyofanya wewe ndugu yetu wa kiwanda cha nguo au wa kinu cha sukari, na atakayezisoma hadithi zake kwa makini ataona kwamba wodi haikumtoka hata siku moja.

KAMPALA ALIYOIKUTA

Grace alizaliwa tarehe 15 Mei 1930. Baba yake, Joseph Nyanduga, alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza wa Asembo kupata elimu ya Kizungu, na alifundisha katika shule ya misheni ya wasichana ya Ng'iya. Nyumbani alimsomea binti yake visa vya Agano la Kale, na bibi yake mtoto alimtolea ngano za kale. Alisoma Ng'iya, kisha Butere. Baadaye akavuka mpaka kuja Uganda.

Siku hizo mpaka haukuwa kitu kikubwa kwa mtu anayetafuta kazi au masomo. Reli ilikuwa moja toka Mombasa hadi Kampala, pesa zilikuwa moja, na Wajaluo walikuwa tele katika karakana za reli na katika mashamba ya miwa ya Kakira na Lugazi. Mfanyakazi wa leo anayeombwa karatasi kila anapogeuka atashangaa. Lakini asidhani ilikuwa peponi. Mwezi wa Januari 1945 wafanyakazi wa Kampala na miji mingine walikuwa wamegoma kwa sababu mishahara haikutosha kununua chakula wakati wa vita. Mwezi wa Aprili 1949, mwaka uleule Grace alioanza mafunzo, Buganda ilichafuka. Wakulima walidai ruhusa ya kuchambua pamba yao wenyewe na kuiuza wenyewe, na wananchi walitaka kujichagulia machifu. Nyumba zilichomwa moto, watu walikamatwa. Na mwezi wa Novemba 1953, mwaka aliomaliza masomo, Gavana alimpeleka Kabaka Mutesa wa Pili uhamishoni Uingereza. Basi binti huyu aliingia Kampala kukiwa na fujo na alimaliza masomo yake wakati moto haujazimika.

Hospitali yenyewe ilikuwa na miaka zaidi ya hamsini. Iliwekwa mwaka 1897 juu ya kilima cha Namirembe na daktari mmisionari Albert Cook pamoja na muuguzi Katharine Timpson, aliyefunzwa kazi katika hospitali ya Guy's, London. Bibi huyo alifika Uganda baada ya safari ya miguu ya miezi toka pwani. Mwaka 1900 wawili hao walioana, na ni yeye Bibi Cook aliyewafundisha wakunga wa kwanza wa Kiafrika hapo Mengo. Watu husema hospitali ya Daktari Cook. Ni kweli, lakini daktari hupita wodini asubuhi na jioni tu. Saa zilizobaki, na usiku wote, mgonjwa yumo mikononi mwa sista.

Kazi anayofundishwa muuguzi mwanafunzi haijabadilika sana tangu siku zile. Kutandika kitanda huku mgonjwa amelala juu yake. Kumgeuza asipate vidonda vya mgongo. Kuosha vidonda, kuchemsha vyombo, kuhesabu mapigo ya moyo, kuandika kila kitu katika karatasi inayoning'inia miguuni pa kitanda. Kumwosha maiti kabla ndugu zake hawajaingia. Na kuna ile kazi ambayo watu hawaitaji mezani: kumletea mgonjwa asiyeweza kuinuka chombo cha choo, na kukiondoa kikiwa kimejaa. Msomaji akikumbuke chombo hicho, maana tutakirudia.

Baada ya Mengo alikwenda London kuongeza ujuzi wa uzazi katika hospitali ya kina mama na watoto. Hukohuko alitangaza na kuandika vipindi vya redio ya BBC vilivyopeperushwa Afrika Mashariki na ya Kati. Aliporudi, mwaka 1958, hakubaki na redio. Alivaa tena sare nyeupe katika hospitali ya misheni ya Maseno, karibu na Kisumu. Mwaka 1959 aliolewa na Bethwell Ogot, mwanahistoria aliyekuja kuwa profesa mwenye jina kubwa, na aliyefariki mwezi wa Januari 2025. Wakajaliwa watoto wanne.

MWAKA WA MAKERERE

Mwezi wa Juni 1962, miezi michache kabla ya Uhuru wa Uganda, waandishi wa Kiafrika wanaotumia Kiingereza walikutana Makerere. Alikuwapo Chinua Achebe, alikuwapo Wole Soyinka, alikuwapo Mmarekani mweusi Langston Hughes, na kijana mwanafunzi wa hapohapo aliyeitwa wakati huo James Ngugi. Bibi Ogot alikwenda na hadithi yake, akaisoma mbele ya wakubwa hao. Aliona jambo lililomkera: kazi za watu wa Afrika Magharibi na Kusini zilikuwapo, lakini Afrika Mashariki ilikuwa karibu mikono mitupu. Aliondoka na nia ya kuchapisha.

Mwaka uliofuata alikuwa amerudi Makerere, safari hii si kama mwandishi bali kama muuguzi katika huduma ya afya ya wanafunzi. Mwaka 1964 jarida la Transition, lililoanzishwa hapa Kampala na Rajat Neogy mwaka 1961, lilichapisha hadithi yake moja. Na jina la hadithi hiyo ni wodi namba tisa, "Ward Nine". Mwandishi mwingine angetafuta jina la milima au la mwezi. Yeye aliandika namba ya mlango aliouzoea.

Tuyapange mambo haya kwa miaka yapate kueleweka. Ndoa 1959. Mkutano wa Makerere 1962. Uuguzi Makerere 1963 na 1964. Riwaya ya kwanza, "The Promised Land", 1966, mwaka uleule ambao Flora Nwapa wa Nigeria naye alitoa riwaya yake ya kwanza. Mkusanyo wa hadithi, "Land Without Thunder", 1968. Katikati ya hayo yote kuna watoto wanne, na mtoto hajui kwamba mama yake ana sura ya riwaya ya kumaliza. Wanaume wengi waliohudhuria mkutano ule walikuwa na mtu nyumbani wa kuwapikia. Mama anayetoka zamu ya usiku huanza zamu nyingine mlangoni kwake, na zamu hiyo haina kadi ya kugonga wala malipo ya saa za ziada. Kina mama wanaochuma chai au kufunga maua na halafu kwenda kutafuta kuni wanalijua jambo hili kuliko mwandishi wa makala haya.

CHOMBO CHA CHOO

Sasa tuje kwenye hadithi ambayo kila tawi la chama cha wafanyakazi lingefaa kuisoma kwa sauti. Imo katika mkusanyo wa mwaka 1968 na inaitwa "The Old White Witch", yaani yule mchawi mzee wa Kizungu. Ndivyo wauguzi walivyompachika jina matroni wao.

Ni hospitali ya misheni. Matroni, Mzungu aliyekaa miaka mingi, ametoa amri kwamba wauguzi wa kike wa Kiafrika watabeba vyombo vya choo vya wagonjwa. Wasichana wanakataa. Kwa mila za kwao, msichana ambaye hajaolewa kubeba kinyesi cha mtu mzima asiye wake ni aibu inayomfuata mpaka kwa wakwe. Msemaji wao ni binti mmoja, Monica Adhiambo. Mazungumzo yanashindikana, nao wanaondoka. Wodi zinabaki na wagonjwa, na kazi inawaangukia wachache waliobaki.

Wapo waliosoma hadithi hii wakasema ni ya mila na dini basi. Sisi tunaiona kuwa ni hadithi ya kazi, na imeandikwa na mtu aliyekijua chombo hicho kwa mikono yake. Tazama ilivyojengwa. Amri imetoka juu bila wahusika kuulizwa. Mwajiri anaamini kwamba kwa kuwa kazi ni ya huruma, basi mfanyakazi hana haki ya kusema hapana. Wafanyakazi nao wana madai ya haki, lakini silaha yao ya pekee, yaani kuondoka, inampiga kwanza mtu asiye na kosa, yule aliyelala kitandani. Kiwanda kikisimama, mashine haifi. Miwa ikikaa siku mbili baada ya kukatwa, sukari hupungua, tajiri hupata hasara, na ndipo hukaa mezani. Wodi ikisimama hasara ni ya nani?

Bibi Ogot hakulijibu swali hilo kwa kumfanya matroni kuwa shetani na wasichana kuwa malaika. Matroni yule ni mkaidi, lakini anawapenda wagonjwa na anafanya kazi mpaka achoke. Monica ni shujaa, lakini naye atakutana na mambo asiyoyatazamia. Mwisho wake sitausimulia. Aliye na nafasi akitafute kitabu.

Swali lenyewe halijazeeka. Nchini Kenya, mwaka 1917 hakuna aliyefikiri kwamba muuguzi Mwafrika angeweza kugoma. Mwaka 2017 wauguzi wa hospitali za serikali waligoma tangu Juni hadi Novemba, miezi mitano, wakidai makubaliano ya mishahara yatimizwe. Hapa Uganda, mwezi wa Mei 2022, Chama cha Wauguzi na Wakunga kiliwaita wanachama wake waache kazi, baada ya madaktari kuahidiwa nyongeza kubwa na wao kuachwa nyuma. Katika migomo yote miwili walisikika watu wakisema kwamba muuguzi amekula kiapo, arudi kazini, Mungu atamlipa. Maneno hayo hayaambiwi mhandisi wala mhasibu. Huambiwa wauguzi na walimu, na ukichunguza utaona kwamba mara nyingi huambiwa kazi zilizojaa wanawake.

Hatusemi kwamba mgonjwa aachwe afe. Hata katika mgomo lazima pawe na mpango wa wagonjwa mahututi na wazazi, na chama kisichoupanga hupoteza huruma ya umma katika wiki ya kwanza. Tunasema tu kwamba huruma isigeuzwe kuwa kisingizio cha kumlipa mtu kidogo.

MTAIPISTI NA MHAMIAJI

Katika mkusanyo uleule kuna hadithi ya "Elizabeth". Binti huyu ni karani wa taipu mjini Nairobi, mchumba wake yuko Marekani masomoni. Ameshaacha kazi mahali pengine kwa sababu wakubwa hawakumwacha kwa amani. Ofisi mpya ni nzuri, bosi mpya ana mke na sifa njema, na Elizabeth anadhani amefika. Bosi huyo ndiye anayemnajisi ofisini. Anapata mimba. Hawezi kumwambia mchumba, hawezi kumshtaki mkubwa, na hadithi inakwisha kwa kifo chake mwenyewe, tena nyumbani kwa bosi.

Kumbuka hiyo ni 1968. Uganda haikuwa na sheria ya wazi juu ya unyanyasaji wa namna hiyo kazini mpaka Sheria ya Ajira ya mwaka 2006. Sheria hiyohiyo ndiyo iliyoweka siku 60 za kazi za likizo ya uzazi kwa mshahara kamili, na siku nne kwa baba. Nimeshakutana na kina mama waliosaini mkataba wa miezi mitatu mitatu ili tu mwajiri asifikie siku ya kuwapa haki hiyo, na kiwanda kimoja, ambacho sitakitaja, kiliwahi kumwambia mama mmoja ninayemfahamu achague baina ya kazi na tumbo. Akachagua tumbo, mtoto yuko darasa la tano sasa, na mama anauza mkaa. Hata hivyo sheria ipo, na mwakilishi wa tawi asiyeijua ajifunze.

Riwaya ya "The Promised Land" nayo inawahusu ndugu zetu wa mashambani. Ochola na mkewe Nyapol wanaondoka Nyanza kwenda Tanganyika kutafuta ardhi. Mke hataki, mume anang'ang'ania. Wanafanikiwa, wanalima, wanapata mali, na jirani mwenyeji anaingiwa na wivu. Ochola anapatwa na ugonjwa wa ajabu wa ngozi. Hospitali ya Kizungu inashindwa. Mganga wa kienyeji ndiye anayemponya, kwa sharti waondoke mara moja. Wanarudi kwao mikono mitupu.

Wapo wasomaji wanaocheka: sista aliyefunzwa Mengo na London anaandika kwamba hospitali ilishindwa na mganga akaweza! Mimi sioni ajabu. Kila muuguzi aliyefanya kazi nchini mwetu amemwona mgonjwa akiletwa siku ya tisa, baada ya siku nane kwa mganga, na amemwona mwingine akitoroshwa wodini usiku na ndugu zake. Hamdharau mtu huyo. Anajua kwamba kitanda kimoja kina imani mbili. Bibi Ogot aliliandika aliloliona, hakuandika alivyotakiwa na waliomfundisha.

Na juu ya uhamiaji alikuwa amesema mapema. Mwaka 1970, miaka minne baada ya kitabu hicho, serikali ya Uganda iliamuru wafanyakazi wengi wa Kenya wasio na ujuzi waondoke, na wengi wao walikuwa Wajaluo waliokaa hapa miaka mingi, wamezaa na kuzika hapa. Walirudi kama Ochola na Nyapol, na kilichoweza kubebeka kichwani.

MIAKA YA BAADAYE

Mambo mengine tuyapitie upesi. Alifanya kazi ya maendeleo ya jamii Kisumu, akawa afisa uhusiano wa shirika la ndege la Air India. Mwaka 1975 alikuwamo katika ujumbe wa Kenya kwenye Umoja wa Mataifa. Alishiriki kuanzisha chama cha waandishi wa Kenya. Miaka ya 1980 aliandika vitabu kwa Kijaluo, kimojawapo "Miaha" cha mwaka 1983, ili wasomwe na watu wa nyumbani wasiojua Kiingereza. Mwaka huo Rais Moi alimteua mbunge, na mwaka 1985 alishinda uchaguzi mdogo wa Gem, akawa Waziri Msaidizi wa Utamaduni na Huduma za Jamii.

Ubunge wake ulikuwa chini ya chama kimoja, wakati ambapo vyama vya wafanyakazi vya Kenya vilikuwa vimebanwa sana, na sisi wa bulletini hii hatuna haja ya kuupamba. Waziri msaidizi wa siku zile alikuwa na nafasi ndogo ya kusema lisilopendwa. Kwangu mimi, Monica Adhiambo na Elizabeth wamewafaa wafanyakazi kuliko hotuba zozote za bungeni.

Hospitali ya Mengo ingali palepale kilimani Namirembe, na shule yake ya wauguzi na wakunga inapokea wanafunzi. Ukipita asubuhi zamu zinapobadilishana utawaona wakishuka, wengine macho mekundu, viatu mkononi, wakitafuta teksi ya kwenda Old Park.

Kina mama wa namna hii tunao katika kila shamba na kila kiwanda: waliofanya kazi katika zahanati za miwa na chai, waliozalisha nusu ya watoto wa kambi, na ambao leo wamestaafu na hawaandikwi popote. Ndugu msomaji ukimjua mmoja, umwombe ruhusa kwanza, kisha andika alipofanya kazi, miaka mingapi, na kama alilipwa kiinua mgongo chake au bado anakidai. Mpe karatasi hiyo katibu wa tawi lako kabla ya mkutano wa mwisho wa mwezi. Wale wanaodai tutaanza nao.